Kifungashio cha Dawa Kutoka Lihutu

Kila asubuhi, kabla hajatia mguu sakafuni, Hyasinti huliamkia goti lake la kushoto.

"Shikamoo," huliambia, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na blanketi mabegani. Kisha husubiri. Goti likikaa kimya, huchukulia kwamba limeitikia, na siku inaweza kuanza. Likichoma, hujua kuwa mkubwa ameamka vibaya, naye hujilaza tena hadi litulie. Goti la kulia, viwiko na vifundo vya miguu huvisalimia kwa mkupuo mmoja, "Habari zenu," kwa sababu hivyo ni vya rika lake. La kushoto ndilo lililomzidi umri. Yeye ana miaka arobaini na saba, lakini daktari aliyelipiga picha zamani alisema hilo ni goti la mtu wa miaka themanini. Hyasinti alilelewa vizuri. Hawezi kumpita mtu wa miaka themanini bila kumwamkia, hata kama wamelala kitanda kimoja.

"Siku litakapokuitikia," husema Kalista, mke wake, "mimi nachukua kanga zangu narudi kwetu."

Goti lilianza kuzeeka Hyasinti akiwa darasa la kwanza, siku aliyoteleza akaangukia kwenye ngolo. Ngolo ni yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huyachimba shamba zima kwenye mteremko, ili maji ya mvua yakishuka yakute shimo, yapumzike, yashuke tena taratibu, yasiondoke na udongo. Mtoto mwingine angelia kidogo, akafutwa matope, akarudi kucheza. Goti la Hyasinti lilivimba likawa kama boga, na likabaki boga mwezi mzima. Ilichukua miaka mingi kujulikana kwamba ana himofilia: damu yake imekosa protini moja inayoisaidia kuganda, kwa hiyo ikianza kuvujia ndani ya kiungo, haijui kuacha.

Nyumba yake iko Lihutu, kijiji cha mwisho kabla ya mlima kukatika. Ukisimama nyuma ya jiko lake siku isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Nyasa limelala kule chini kama shuka la buluu. Huko chini, Lipingo, ndiko alikoolewa dada yake Anjela. Na kwa Anjela kuna kitanda.

Kitanda hicho ni cha Hyasinti. Anjela na mumewe walipojenga, miaka kumi na tisa iliyopita, walitenga chumba kinachotazama maji, wakaweka kitanda cha mninga, wakakiita cha mjomba. Hakuna aliyewahi kukilalia. Watoto wa nyumba ile wamekua wakibanana wanne mkekani, hatua tatu kutoka kwenye kitanda kitupu. Padri mmoja aliyekwamishwa na mvua alilala kwenye kiti. Kila Jumamosi Anjela hutandua shuka ambazo hazijachafuka, akazifua, akatandika nyingine ambazo hazitachafuka.

Hyasinti hakuwa amekataa kwenda. Zamani hakukuwa na dawa, na barabara ile ya kushuka ziwani ilitosha kulivimbisha goti kabla hajafika nusu ya njia. Miaka michache iliyopita hospitali ya misheni ilianza kupokea ile protini kwa msaada, ikiwa unga ndani ya vichupa vinavyokaa kwenye friji. Ikawa anachomwa mara tatu kwa wiki. Lakini dawa ile ilikuwa na haraka. Ikiingia leo, kesho nusu yake imekwishaondoka, na daktari alimkataza kupanda gari siku isiyo ya sindano. Kwa hiyo kwenda angekwenda na dawa mwilini, lakini kurudi angerudi bila. Aliwahi kumwambia Anjela kwamba labda aje asubuhi, wasalimiane, ageuze na gari hilohilo.

"Ukija ukageuza," alijibu Anjela kwenye simu, "nitakuhesabu pamoja na wasoma mita za maji."

Ndipo mwaka huu, mwezi wa tano, kahawa ikiwa inaanza kuiva, kikaja kichupa kipya.

Aliyekileta dirishani alikuwa Edina, mfamasia wa hospitali, binti wa miaka ishirini na sita mwenye shahada na sauti ndogo. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba wagonjwa wengi waliondoka na dawa zao bila kujua kama walikuwa wamesemeshwa. Hakuwa mtu wa kuuliza. Hata yale maswali ya lazima, kama una mzio, kama umekula, alikuwa ameyachapa kwenye karatasi, akaipitisha karatasi dirishani, mgonjwa akajiuliza mwenyewe.

"Shikamoo baba," alisema Edina.

"Marahaba mwanangu. Naona kichupa kimebadilika kofia."

"Ni ileile protini, baba. Ila wameifunga kwenye polima."

"Polima ndiyo nini?"

Edina alitazama meza. "Ni minyororo mirefu sana, laini. Ni jamii ya plastiki, lakini hii inayeyuka kwenye maji. Mwili una kawaida ya kuokota protini zinazopita na kuziondoa. Hii minyororo hukusanya maji kuizunguka dawa, dawa ikaonekana kubwa, na mwili ukachelewa kuishika. Ile ya zamani, siku moja nusu imekwenda. Hii huchukua siku nne hivi kufika nusu. Sindano ni moja kwa wiki."

Hyasinti alifikiri. Aliutazama mteremko wa nje, mashamba yote yamejaa mashimo.

"Kwa hiyo mmeichimbia ngolo," alisema.

Edina alinyanyua uso kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Ndiyo, baba. Mmeichi... tumeichimbia ngolo."

"Na hiyo nusu inayobaki?"

"Nayo siku nne nyingine, inabaki robo. Halafu nusu ya robo."

"Kwa hiyo haiishi."

"Haiishi kabisa, baba. Inapungua tu. Ila ikipungua sana haikulindi, ndiyo maana Alhamisi ijayo lazima urudi."

Hyasinti alichomwa sindano, akatoka nje, akakaa kwenye benchi, akahesabu vidole mara mbili. Wiki nzima. Kwenda na dawa, kulala na dawa, kurudi na dawa. Na ilikuwa imekuja kwa wakati wake, maana jana yake Anjela alikuwa amepiga simu. Ziwa mwaka huu limepanda kuliko miaka yote anayoikumbuka. Maji yalikuwa yamefika barazani. Mafundi wangekuja Jumatatu kung'oa bati, milango na matofali, nyumba ihamishiwe juu kilimani, na huko kilimani kiwanja ni kidogo. Chumba cha mjomba hakikuwa kwenye ramani.

"Ukitaka kukilalia ni kabla ya Jumatatu," alisema Anjela. "Baada ya hapo utakilalia kwenye maelezo."

Hyasinti aliamua kuondoka Ijumaa asubuhi. Alifika nyumbani, akamweleza Kalista, na Kalista alifurahi kupita kiasi. Akaenda kumenya kahawa mashineni na furaha yote aliyokuwa nayo, na pale mashineni, mbele ya wanawake kumi na mmoja, akatangaza kwamba mume wake amewekewa plastiki kwenye damu, plastiki ya Ulaya, hata magoti yake sasa hayapitishi maji.

Asubuhi ya Ijumaa, Hyasinti akiwa na begi mkononi, akaja Sixbert.

Sixbert ndiye mtendaji wa kijiji. Ni kijana mchapakazi, ana baiskeli, jalada la khaki na kalamu tatu mfukoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, hakuna mtu katika tarafa ile aliyeichukulia marufuku hiyo kwa moyo kama yeye. Alikuwa amekagua kila mlango, kila gunia, kila kapu la sokoni. Miezi miwili iliyopita alipaka rangi ubao mkubwa kwa mkono wake mwenyewe, akausimika mwanzo wa kijiji: LIHUTU, KIJIJI KISICHO NA PLASTIKI HATA MOJA. Jumanne iliyokuwa inakuja, wakubwa kutoka wilayani walikuwa waje kuukagua ubao huo na ukweli wake.

"Shikamoo mzee," alisema Sixbert, akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima zote.

"Marahaba, mtendaji. Karibu kiti."

Sixbert akakaa, akafungua jalada. "Mzee, nimekuja kwa masikitiko. Katazo linasema mtu asiingize, asitumie, na asihifadhi. Kwa taarifa nilizopata mashineni, wewe umeingiza jana, unatumia sasa hivi, na kadiri ninavyokuona umekaa hapo, unahifadhi."

"Ni dawa, mtendaji."

"Dawa sina neno nayo. Mimi nina neno na ile inayoizunguka."

Kalista alitoka jikoni na mwiko. "Na hicho kiti ulichokalia ni cha nini, baba? Si plastiki hiyo?"

Sixbert alijiangalia chini, akasogea kidogo. "Kiti ni kiti, mama. Katazo linahusu mifuko."

"Mume wangu ni mfuko?"

Sixbert alifunua ukurasa mpya. Alikuwa mtu wa haki, na swali lilikuwa la msingi. Akatoa kalamu ya pili. "Mfuko," alisema polepole, akiandika, "ni chombo kinachobeba kitu kutoka mahali hadi mahali. Mzee amebeba dawa. Na hapa naona begi, maana yake anataka kuitoa mahali na kuipeleka mahali. Mama, mimi sitaki kusema. Lakini mambo yanajisema."

"Basi mwache aende nayo huko Nyasa, wewe ubao wako ubaki na ukweli wake."

"Nikimwachia nitakuwa nimesafirisha. Hilo ni kosa la nne, na litakuwa langu." Akamgeukia Hyasinti kwa upole. "Mzee, hii kitu ikitoka mwilini, inatokea wapi?"

"Binti wa dawa alisema mwili unaitoa taratibu. Nyingi kwenye mkojo."

"Choo chenu kiko upande gani?"

Sixbert alikaa dakika ishirini nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amechora ramani ya choo na kupiga mshale kuelekea mtoni. Akamwomba Hyasinti, kwa adabu kabisa, asitoke kijijini hadi kikao cha kesho. Basi la Mbamba Bay, lile linaloshuka ziwani, likapita barabarani likipiga honi. Hyasinti alisimama nyuma ya jiko, akalitazama ziwa. Siku hiyo lilionekana wazi hata ungeweza kudhani unaona baraza.

Kilichomuuma zaidi ni hesabu. Alikuwa na dawa ya siku saba, na mtendaji alikuwa anakula siku hizo mbele ya macho yake. Kwa mara ya kwanza aliielewa vizuri ile habari ya nusu: hata akikaa tu kwenye kigoda, bila kufanya lolote, dawa ilikuwa inakwenda safari yake bila yeye.

Kikao cha Jumamosi kilifanyika ofisi ya kijiji. Kalista alikuwa amempigia Edina simu, na Edina akaja, amebeba kabrasha kifuani kama ngao. Walimkalisha mbele. Sixbert alimwomba aeleze kitaalamu plastiki iliyomo ndani ya mzee huyu ina ukubwa gani, kwa kulinganisha na mfuko wa kawaida wa sukari.

Edina alisema jambo.

"Sauti, dokta," alisema Sixbert.

Edina alisema tena. Sixbert aliinuka, akainama, akaweka sikio karibu, kisha akawageukia watu na kutangaza: "Anasema haionekani kwa macho."

"Basi hata wakaguzi hawataiona!" alipaza sauti Kalista.

"Mama, ubao haukuandikwa kijiji kisicho na plastiki inayoonekana. Uliandikwa hata moja. Niliandika mimi."

Watu waliguna. Ilionekana wazi kuwa Sixbert naye anaumia. Jasho lilimtoka. Alikuwa na ubao upande mmoja na mzee wa watu upande wa pili, na ubao ndio uliokuwa umekwisha kukauka rangi.

Hapo Edina alifungua kabrasha. Usiku wa kuamkia kikao alikuwa amesoma katazo lenyewe mwanzo hadi mwisho, kanuni kwa kanuni, jambo ambalo hakuna mtu mwingine mle chumbani aliyewahi kulifanya, hata mtendaji mwenyewe. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kumsogezea Sixbert karatasi. Sixbert alisoma kwa midomo. Akasoma tena. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona gari la kwao.

"Vifungashio vya dawa," alisema kwa sauti ya kanisani, "vimeruhusiwa."

"Sasa?" aliuliza Hyasinti.

"Sasa mzee wewe hukuwa mfuko hata siku moja. Tulikukosea. Wewe ni kifungashio."

Watu walipiga makofi. Hyasinti aliangalia huku na huku, akaona kwamba anapongezwa, akainama kushukuru. Sixbert alikuwa tayari amechukua karatasi yenye kichwa cha ofisi, maana kwake jambo lisiloandikwa lilikuwa bado halijatokea.

"Yah: kifungashio cha dawa," aliandika akisema. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni kifungashio halali, aruhusiwe kupita popote. Sasa, kifungashio lazima kionyeshe mambo yake. Uzito?"

"Kilo hamsini na nane," alisema Kalista. "Akishiba."

"Kilipotengenezwa?"

"Hapahapa Lihutu. Elfu moja mia tisa sabini na nane."

"Vizuri. Tarehe ya kuisha muda?"

Kalista alishusha macho. Ni swali ambalo madaktari wengi waliwahi kulizungukazunguka alipokuwa mchumba, na watu wa ukoo wake walilisema wazi. Hyasinti alikohoa. Kalamu ya Sixbert ilibaki hewani, na yeye mwenyewe alianza kuona alichouliza.

Edina ndiye aliyesema, na safari hii alisikika hadi mlangoni. "Andika: haiishi kabisa, inapungua tu."

Sixbert akaandika.

Kilichobaki ni muhuri, na muhuri haukuwepo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameondoka nao mfukoni kwenda Kitai kwenye msiba. Ilibidi asubiriwe. Alirudi Jumapili asubuhi, akagonga muhuri akiwa bado na koti la safari, wala hakuuliza anagongea nini.

Basi lilipofika, Hyasinti alipanda na begi lake na barua yake. Sixbert alikuwa amemwapisha aionyeshe barua hiyo kwa kila chombo atakachopanda, na Hyasinti alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Konda, kijana wa maneno mengi aitwaye Cleopa, aliisoma akiwa ananing'inia mlangoni.

"Mzee, hapa umeandikwa kifungashio."

"Ndiyo."

"Vifungashio sisi tunaweka buti."

"Lakini mimi ni mtu, mwanangu."

"Sikatai. Lakini muhuri unakataa." Cleopa alimwita dereva, dereva akasoma, akakuna kichwa. Walishauriana. Hawakutaka matata na ofisi ya kijiji, wala hawakutaka kumweka mzee wa watu pamoja na mbuzi. Mwisho wakapata njia: Hyasinti akae kiti cha mbele kabisa, palipo na utulivu, ila asafiri kwa taratibu za mizigo. Cleopa akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene ANJELA, LIPINGO, na namba ya simu ya mpokeaji, akambandika Hyasinti kifuani kwa gundi ya karatasi. Chini akaongeza: USIPINDUE.

Na kwa kweli Hyasinti hajawahi kusafiri vizuri namna ile. Penye shimo dereva alipunguza mwendo. Penye kona Cleopa alimshika bega. Mama mmoja alipotaka kumwekea ndoo mapajani alifokewa na basi zima: "Hujaona kimeandikwaje?" Goti lake lilikaa kimya njia nzima, kimya cha mkubwa aliyepewa kiti anachostahili. Mbamba Bay alikabidhiwa kwa dereva wa bajaji, akasainiwa. Bajaji ikamfikisha Lipingo jua likiwa bado juu ya maji.

Anjela alikuwa amesimama mbele ya nyumba, sketi ameikunja hadi magotini. Mbele ya nyumba ilikuwa sasa ndani ya ziwa.

"Shikamoo dada," alisema Hyasinti kutoka ndani ya bajaji.

Anjela alimtazama na boksi lake kifuani. Hakuitikia. Mdomo ulikuwa unamcheza.

"Weka sahihi hapa, mama," alisema dereva wa bajaji. "Mzigo wako umefika mzima."

Anjela alishika kalamu, akasaini, karatasi ikalowa. "Umechelewa miaka kumi na tisa," alisema ndipo, "halafu unakuja na lebo. Marahaba."

Chumba cha mjomba kilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Kitanda kilikuwa kimenyanyuliwa juu ya matofali, kila mguu matofali matatu, na juu yake shuka nyeupe za Jumamosi ya jana, zimenyooshwa kwa pasi. Dirishani lilionekana ziwa, mlangoni pia, na sakafuni. Hyasinti alivua viatu, akavua boksi, akapanda. Kitanda kilikuwa kifupi kidogo, kwa sababu Anjela alikikadiria kwa kumkumbuka mdogo wake aliyekuwa analala amekunja goti.

Jumatatu asubuhi aliamshwa na nyundo. Mafundi walikuwa tayari juu ya bati. Alishusha miguu moja kwa moja majini, na usipa wadogo wakamkwepa, wakatoka zao kwa mlango wa mbele. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alisimama hapo katikati ya chumba chake, akatoka nje kuwafuata samaki, akaenda hadi maji yakamfika kiunoni, na Anjela akampigia kelele kutoka barazani kwamba chai inapoa.

Kutwa nzima walihamisha nyumba. Yeye walimkataza kubeba chochote, kwa hiyo alibeba foronya. Kitanda cha mninga kilipanda mlima mwisho kabisa, kikitanguliwa na mbuzi. Chumba cha kukiweka hakikuwepo, kikaegeshwa chini ya turubai, na usiku wa Jumatatu na wa Jumanne mjomba akakilalia humo, mzee mmoja mwenye kitanda asiye na nyumba. Jumatano akabandikwa boksi jingine, LIHUTU, akarudishwa.

Wakaguzi walikuwa wamekuja na kuondoka. Pale mwanzo wa kijiji, ubao ulikuwa umeongezewa mstari mdogo chini, rangi bado mbichi: ISIPOKUWA VIFUNGASHIO VYA DAWA (KIMOJA).

Alhamisi Hyasinti alikuwa dirishani kwa Edina. Karatasi ya maswali ilipita, akajiuliza, akajijibu, akairudisha. Edina alikiandaa kichupa. Kalista, aliyekuwa amemsindikiza, alisimulia kila kitu mara mbili: basi, lebo, samaki chumbani, foronya. Alisimulia na habari ya goti, kwamba mume wake tangu ujana huliamkia kila siku Mungu aliyoumba, hata siku ya harusi yao aliliamkia goti kabla ya baba mkwe.

Edina aliikunja karatasi yake ya maswali mara nne. Kisha, kwa sauti ndogo lakini iliyofika, akamtazama Hyasinti na kuuliza:

"Baba, ile asubuhi ya kwanza kule ziwani, goti uliliamkiaje?"

Hyasinti aliangalia chini kwenye goti, kama mtu anayetaka kuomba radhi mbele za watu.

"Nilisahau," alisema.